Umetumwa na Nani?

Mgeni wetu alikuja Bungu siku ya Ijumaa baada ya swala, na neno lake la kwanza kwa shangazi yangu lilikuwa "poleni." Shangazi akajibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyefunzwa adabu: "Tumeshapoa." Yule binti akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, machozi yakamlengalenga. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao na sahani ya korosho mapajani, na nikajua kwamba mambo yameharibika kabla hatujaanza. Yeye alidhani ameomba msamaha wa vita vizima na amesamehewa hapo hapo mkekani. Shangazi alidhani anapewa pole ya goti lake, ambalo lilikuwa limevimba tangu juma lililopita.

Alikuwa Mjerumani, binti wa miaka thelathini hivi. Kiswahili alikisomea chuoni kwao, na kilikuwa kimenyooka kuliko changu mimi ninayekifundisha. Alikuwa amefikia Mchukwi, akaja Kibiti shuleni kwetu kuuliza kama kuna mwalimu anayetoka katika familia zilizoshuka kutoka milimani wakati wa Maji Maji. Walimu wenzangu wote wakaninyooshea vidole. Akanieleza kwamba babu wa babu yake alikuwa afisa wa jeshi huku kwetu, vitani, na kwamba yeye amekuja kuomba msamaha. Aliyasema hayo amesimama wima mbele ya meza yangu kama mwanafunzi aliyechelewa. Sikujua nicheke au nisimame na mimi. Nikamwambia nina shangazi Bungu, mwenye haki ya kuombwa ni yeye, twende Ijumaa.

Nyumbani kwetu Bungu kuna wajane wawili. Mmoja ni mama yangu. Mwingine ni shangazi, dada yake marehemu baba, aliyerudi kwa kaka yake alipofiwa na mume, na baba alipofariki hakuna aliyefikiria kwamba aondoke. Wana nyumba mbili zinazotazamana kwa uani, milango ya mbele ikielekea njiani, ua mmoja, jiko moja na sinia moja. Upande wa baba ni Wamatumbi. Bibi yake shangazi alishuka kutoka milimani akiwa msichana, katika njaa iliyofuata vita, wakati mashamba na maghala yalipochomwa makusudi ili watu wakose nguvu ya kupigana. Njiani walikula ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu ambacho usipokiloweka sawasawa kinakuua. Wapo ambao njaa haikuwaacha wangoje kilowane. Upande wa mama ni Wandengereko wa Umwe, watu wa bonde, watu wa mpunga. Na babu yake mama alikuwa askari wa Mdachi, kama wazee walivyomwita Mjerumani.

Jambo hili halikuwa siri nyumbani kwetu. Lilikuwa utani. Wali ukiungua, shangazi huita kutoka barazani kwake, "Askari! Umeanza kuchoma tena?" Na mama naye hujibu kutoka jikoni, "Kula unyamaze, mla ndiga wee, kwetu ndiko ulikoshibia!" Wanacheka mpaka wanafuta macho kwa ncha za khanga. Nimekua nasikia hayo, nami nikayaona ya kawaida kama adhana. Wifi na wifi wasipotaniana, watu watauliza kuna nini.

Basi nikamnong'oneza yule binti kwamba "pole" siyo, kwamba pole hutolewa na mtu asiye na kosa. Akashtuka, uso ukawa mwekundu.

"Niseme samahani?"

"Samahani ni ya kumkanyaga mtu mguu."

"Basi niseme nini?"

Nikamwambia neno ni radhi. Watu wazima huombana radhi. Akageuka, akapiga magoti mawili kwenye mkeka, akasema, "Bibi, naomba radhi kwa niaba ya Wajerumani, kwa yale tuliyowafanyia watu wenu vitani."

Shangazi akaacha kumenya korosho. Akaniangalia mimi kwanza, kuona kama ni mzaha nimeupanga, kisha akamwangalia yeye.

"Kwa niaba? Umetumwa na nani, mwanangu?"

"Sikutumwa, Bibi. Nimekuja kwa hiari yangu."

Aliyasema kwa fahari kidogo, nami namwelewa, maana kwao nadhani jambo la hiari lina thamani zaidi. Shangazi alisikitika.

"Kwenu wanajua kama umekuja?"

"Mama anajua. Hakufurahi."

"Basi hukutumwa. Umetoroka."

Nilicheka. Sikutaka, ila kicheko kilinitoka. Yule binti hakucheka. Shangazi naye hakuwa akitania. Alimshika mkono na kumweleza kwa upole, kama anavyoeleza mambo ya ndoa. Mtu mmoja akikosa, hata jirani anaweza kumsindikiza. Ila ukoo ukikosa, ukoo wenyewe hukaa, ukakiri, ukachagua mtu, ukamtuma. Mtu huyo hubisha hodi, akasema mimi si mimi, mimi ni fulani na fulani walionituma. Ukija mwenyewe tu kwa uchungu wako, wenzako wakilala nyumbani na wakasema hatujui alikokwenda, ukoo haujasema kitu. "Na nikikusamehe wewe," akasema, "ntakuwa nimemsamehe nani? Wewe hujanikosea. Umekuja na zawadi ya sabuni."

Nikajitia kujua. Nikasema mkubwa wa nchi yao alishakuja na kuomba msamaha, kule Songea, redio zote zilisema.

"Songea!" Shangazi akanigeukia. "Mtu akikukanyaga Bungu, radhi unaifuata Songea?"

Kule Songea walinyongwa watu, wana haki yao, na mkubwa wa nchi hawezi kupita kila kijiji akibisha hodi. Lakini shangazi naye alikuwa na haki, na kichwa changu kilianza kuuma. Nimefundisha historia miaka mingi. Ubaoni naandika "Wajerumani walituua," na hakuna siku niliyojiuliza hilo "tu" ni la nani hasa, wala hao Wajerumani wameishia wapi na nani amebaki na jina lao.

Hapo ndipo shangazi aliposema lile neno. Sidhani alilikusudia kwa mtu yeyote. Alikuwa anaendelea tu na mazungumzo, korosho mkononi.

"Na tena, mwanangu, bibi yangu mie Mdachi hakumwona hata kwa jicho. Alisikia tu kwamba yupo, kakaa kivulini. Waliokuja na vinga vya moto walikuwa weusi kama mie. Tena wanasema Kiswahili. Kule juu watu walikuwa na Kimatumbi chao. Kiswahili bibi alikijulia pale. Neno la kwanza alilolijua lilikuwa 'toka.'"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya madafu. Aliitua chini taratibu, akampa mgeni dafu lake, akanipa langu, la shangazi akaliweka karibu na mkono wake, akarudi jikoni. Nilingoja utani. Palikuwa na nafasi ya wazi kabisa, mmoja wao angeweza kusema neno tukacheka. Hakuna aliyesema.

Nilimsindikiza mgeni barabarani kwenye bodaboda. Shangazi alikuwa amemfungia mbaazi kwenye mfuko, na amemwambia kwa dhati kabisa, "Rudi kwenu wakutume. Ukija umetumwa, mie nipo." Binti aliukumbatia ule mfuko. Malori ya kusini yalikuwa yanapita na kutumwagia vumbi.

"Nimekosea?" akaniuliza.

"Sijui," nikamwambia, nikamkasirikia kwa kuniuliza mimi.

Usiku ule na siku zilizofuata nilikuwa mkali kwa kila mtu. Nilitaka kuamua na sikuweza. Nikisema yule binti hana hatia, kwa kuwa hakuwa amezaliwa wala mama yake hakuwa amezaliwa, naona ni kweli. Kisha nakumbuka kwamba taifa lake limerithi majina makubwa, viwanda, vyuo na heshima, na kila mrithi wa mali huulizwa madeni ya marehemu kabla ya kugawana. Hilo hata sheria yetu ya mirathi inalijua. Kwa nini wao warithi nyumba na wakatae moto uliomo ndani? Nikifika hapo najiona nimeshinda. Halafu nalikumbuka shamba la mama kule bondeni Umwe, lililo zuri kuliko mashamba yote ya jirani, ambalo babu yake alilipata aliporudi kutoka jeshini. Alilipataje, hakuna aliyewahi kusema. Mchele wa shamba lile ndio ulionisomesha mimi mpaka nikawa mwalimu wa kuandika "walituua." Nikifika hapo nawasha redio.

Ijumaa iliyofuata nilipokwenda Bungu nilikuta vyungu viwili jikoni. Mama alipika wali wake kando, chakula cha shangazi akakipakua kwenye sahani, akakifunika kawa, akampelekea barazani kwa adabu zote, kisha akarudi kula peke yake nyuma ya jiko. Shangazi aliniita.

"Mama yako kanifanya mgeni," akasema. "Ananiita 'dada.' Tangu lini mie nikawa dada? Mie wifi yake. Nimemkosea nini?"

Niliapa kwamba sijui, ingawa nilijua. Na wali uliungua siku ile, harufu ilijaa ua mzima, na shangazi hakuita "Askari!" Alitazama mikono yake tu. Hapo niliogopa. Wale wazee wawili hawana mtu mwingine. Mimi ninaishi Kibiti, wadogo zangu wako Dar es Salaam. Mmoja akipandwa na presha usiku, mwenzake ndiye anayegonga milango ya majirani. Nikawaza, tumekaa na jambo hili salama umri wangu wote, amekuja mtu wa mbali na neno lake zuri, na sasa mama yangu anakula nyuma ya jiko.

Nilimfuata mama. Alikuwa anapepeta mchele.

"Nataka nikutume," akasema bila kuinua uso. "Uende kwa wifi ukamwombe radhi. Kwa ajili ya babu."

"Mama! Mambo ya zaidi ya miaka mia?"

"Yule mtoto wa Kizungu kapanda ndege. Mie kuvuka ua nishindwe?"

"Basi vuka mwenyewe."

"Mwenye kosa haendi mwenyewe. Hukumsikia wifi alivyosema? Lazima atume mtu."

Nikamwambia amtume mjomba, kaka yake, maana ndiye mkubwa wa ukoo wao. Kumbe alishampigia simu. Mjomba alikasirika. Alisema babu yao alichukuliwa akiwa kijana asiye na kitu, akapewa nguo na bunduki na amri, na asingetii angepigwa risasi yeye. Kama kuna radhi, alisema mjomba, basi Wadachi waje Umwe wamwombe babu. Mama alinieleza hayo kwa sauti ile ile ya kupepeta, akaongeza kwamba pengine mjomba anasema kweli.

"Sasa kama anasema kweli, unaomba radhi ya nini?"

"Sijui, mwanangu. Najua tu kwamba nimemtania mwenzangu ndiga maisha yangu yote, na ndiga ndiyo iliyowaua wadogo zake bibi yake."

Nilitaka kumkatalia. Mimi si mtu wa upande wake kwa jambo hili; kwa desturi zetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Ningekuwa natoka kwetu, nikienda kwetu, kuomba radhi kwetu. Nilimwambia hivyo, kwa hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi nani? N'ambie nani mwingine, nimtume huyo." Hapakuwa na mwingine.

Alasiri nikavaa baibui langu la kutokea. Nilijiona mjinga. Sikukata ua, maana anayetumwa hapiti uani. Nilitoka kwa mlango wa mbele wa mama, nikazunguka njiani, nikaamkiana na muuza chapati aliyenishangaa, nikabisha hodi kwenye mlango wa mbele wa shangazi ambao sikumbuki kama nimewahi kuupita.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Mimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unabisha kama mdai?"

Kisha akauona uso wangu, akaona baibui, akaelewa. Alikuwa mwepesi hivyo. Akainuka na goti lake bovu, akatandika mkeka mpya, ule wa wageni, akajitanda khanga vizuri, akakaa. Akaniuliza kwa sauti ambayo hajawahi kunisemesha nayo.

"Umekuja kama nani?"

"Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na mama. Na babu yake. Na watu wa kwao."

Hilo la mwisho halikuwa kweli, na mjomba angenikana, lakini sikuona namna ya kuliacha. Shangazi akatikisa kichwa polepole.

"Wewe mtoto wa kaka yangu. Wewe ni wa kuombwa, si wa kuomba. Unakaa pande zote mbili za mkeka?"

"Sijui ninakaa wapi, shangazi."

"Haya. Sema."

Nikasema. Nilisema kwamba babu yake mama alikuwa askari wa Mdachi katika vita vile, na kwamba watu wa kwao wanaomba radhi kwa shangazi na kwa watu wa milimani kwa maghala yaliyochomwa, kwa njaa, na kwa waliokufa njiani. Nilikuwa najiomba radhi mwenyewe, na kwa majina ya watu wasionituma nilijiona mwizi.

"Alichoma wapi?" akauliza shangazi.

"Mama hajui."

"Alikuwa kule kwetu, au alipelekwa kwingine?"

"Hajui. Mzee hakuwahi kusema. Alikuwa mtu wa kukaa peke yake."

"Kwa hiyo mama yako anaomba radhi kwa asilolijua."

"Ndiyo."

Shangazi akaanza kulia. Sijui alilia kwa lipi. Alilia bila sauti, akasema kwamba hata yeye hajui, kwamba bibi yake hakutaja uso wa mtu wala jina la mtu, na kwamba bibi huyo huyo alipofika bondeni mifupa imemtoka, waliompa mchele walikuwa watu wa bonde, pengine Umwe, pengine nyumba ile ile ambayo kijana wake alikuwa mbali na kinga cha moto mkononi. "Sasa nalihesabu vipi hilo?" akaniuliza. "We mwalimu. Nalitoa, naliongeza, nafanyaje?" Nikamshika goti lake bovu, nikamwambia pole, na safari hiyo neno lilikuwa mahali pake.

Akafuta uso.

"Mwambie aliyekutuma," akasema, "nimesikia."

Nikangoja. Nilidhani kuna neno jingine linafuata, lile tunalolitaka wote. Halikufuata. Akasema atakuja kula na mwenzake kesho, goti likimruhusu, na kwamba nitoke nilikoingilia.

Nikazunguka tena njia nzima. Muuza chapati akaniuliza kama kuna msiba, nikasema hapana. Mama alikuwa amekaa ukumbini kwake, amenyooka, mikono mapajani, kama watu wanavyongoja majibu ya posa.

"Kasemaje?"

Njiani nilikuwa nimewaza kumwambia kwamba amesamehewa. Ingekuwa rahisi, na pengine ndivyo shangazi alivyokusudia.

"Amesema amesikia. Kesho atakuja mle pamoja."

"Kasikia," akasema mama. "Hakusema kasamehe?"

"Amesema amesikia."

Akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaanza kuvua baibui, nikijua kazi yangu imekwisha na nataka chai. Ndipo akaniinulia macho. Nimeangaliwa na mama yangu maisha yangu yote, lakini hakuwahi kuniangalia vile, kwa woga, kama mimi ni mtu wa ukoo wa shangazi.

"Na wewe, mwanangu? Wewe ni wa kule. Wewe unasemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilisimama na baibui begani nusu limetoka, nikamtazama mama yangu aliyenibeba mgongoni na kunilisha mchele wa lile shamba, na neno lilikuwa moja tu, jepesi, mtoto mdogo angelisema. Nililitafuta, halikuja.

"Nimesikia, mama," nikasema.